Twaenda Nyumbani Kutazama Nini?

Mwaka ukikaribia kwisha, njia kuu za nchi yetu hujaa watu. Tangu katikati ya mwezi wa Desemba kituo cha mabasi cha Mbezi, jijini Dar es Salaam, hakijui usiku wala mchana. Baba amebeba begi kubwa begani, mama amemfunga mtoto mgongoni na wa pili amemshika mkono, vijana wanasukumana na masanduku yao, na katikati ya miguu ya watu zimejaa ndoo za mafuta, mifuko ya mchele na maboksi yaliyofungwa kwa kamba za katani. Mmoja aenda Moshi, mwingine Bukoba, mwingine Mbeya, mwingine Songea. Ukiwauliza waendako, wote watakujibu kwa neno moja: nyumbani. Hata yule aliyekaa mjini miaka 30, akajenga, akazaa na kuoza watoto huko, siku hiyo atakuambia kwamba anakwenda nyumbani, wala hatakuwa amesema uongo.

Wasomaji wetu wapendwa, makala haya yataka kuuliza swali dogo juu ya safari hizo. Tukiisha kufika huko nyumbani, twatazama nini? Maana kusafiri peke yake hakumpi mtu akili. Sanduku nalo husafiri, likaenda na kurudi, likabaki sanduku. Walakini safari ya mwisho wa mwaka ina fadhila yake, isiyopatikana upesi katika miezi mingine, nasi twaipoteza mwaka baada ya mwaka kwa sababu hatukufundishwa kuitumia.

Fikirini mtu aliye katikati ya shamba la mahindi yaliyokomaa. Shamba halioni, aona mabua kumi ya mbele yake na kumi ya nyuma yake. Ukimwuliza kama upande wa mtoni umeliwa na ngedere, hajui. Mtu huyo akipanda juu ya kichuguu, hata kama ni kifupi, ataona tangu mpaka hata mpaka, pale palipostawi na pale palipokauka, na huenda akashangaa kwamba siku zote alikuwa akipalilia mahali pasipohitaji jembe. Maisha yetu ya miezi kumi na mmoja ndiyo mahindi hayo. Kodi ya nyumba yadaiwa, mtoto anaumwa, kazini kuna maneno, umeme umekatika, mgeni amefika bila taarifa. Kila jambo lasimama mbele ya macho, refu kuliko mtu. Desemba twapewa kichuguu, nasi twakipanda tumefumba macho.

Yafaa kukumbuka kwamba tarehe 1 Januari haina nguvu yoyote ndani yake. Ni patano la watu. Mwezi wenyewe ulipewa jina la Janus, mungu wa milango wa Warumi wa kale, ambaye walimchonga akiwa na nyuso mbili, mmoja ukitazama nyuma na mmoja mbele. Waingereza kwa karne nyingi walianza mwaka wao tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari, na ni mwaka 1752 tu walipohamia Januari. Wahabeshi hata leo huanza mwaka mwezi wa Septemba. Na hapa petu, huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka wa jadi huogwa mwezi wa Julai. Siku hiyo wanaume wa pande mbili hutoka uwanjani wakachapana kwa mashina ya migomba mpaka vinyongo vya mwaka mzima viwatoke, kibanda cha makuti huchomwa moto, na baada yake ni kuimba, kula na kukaribisha wageni. Asiyeijua desturi hiyo aweza kuicheka. Lakini na ajiulize yeye mwenyewe amejiwekea siku gani ya kutoa vinyongo vyake, na kwa njia gani.

Kanisa nalo limeiweka tarehe 1 Januari chini ya Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968, kwa agizo la Papa Paulo VI, siku hiyo ni Siku ya Amani Duniani. Wengi wetu twaifika Misa hiyo tukiwa na usingizi wa mkesha. Hilo tuliache, kila mtu alijibu mwenyewe.

Ili maneno haya yasielee hewani, natoa mfano wa njia niijuayo, ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, ambayo ni zaidi ya kilomita 500. Kila msomaji ana njia yake. Hii ni yangu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 nilipanda basi alfajiri nikiwa na mke wangu, watoto wetu wawili, na hasira. Kazini kwangu ilitokea nafasi ya kupandishwa cheo ambayo nilidhani ni yangu, akapewa mwingine. Tangu Kibaha hata Chalinze nilikuwa nikitunga moyoni barua ya kulalamika, nikiongeza neno hapa na kupunguza pale, kama nilivyokuwa nimefanya kwa majuma mawili. Juu ya vichwa vyetu televisheni ya basi ilipiga kelele bila kupumzika, na kila abiria alikuwa ameinamia simu yake. Siku hizi twaweza kuipita nusu ya nchi bila kuiona, na tukifika twasema safari ilikuwa njema kwa sababu hatukuisikia.

Mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, ndiye aliyenitoa katika barua ile. Tulipofika Korogwe aliuliza ile mimea iliyopangwa mistari kama askari ni nini. Nilimwambia ni mkonge, na kwa kuwa njia ilikuwa ndefu nikamsimulia habari zake.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, huko Marekani. Safari ilikuwa ya taabu, mingi ikafa njiani, na iliyopona ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 mashamba yalienea Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mwaka 1964 zilipatikana tani 230,000 hivi. Watu walitoka Songea na Kigoma, na hata ng'ambo ya mipaka, wakaja kukata mkonge kwa mkataba, wakaitwa manamba, na jamaa nyingi za mkoa wa Tanga leo asili yao ni hao. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na usimamizi ukalegea, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa hayafiki hata tani 30,000 kwa mwaka.

“Kwa hiyo, baba, ilikuwa kidogo, ikawa nyingi, ikawa kidogo tena?”

Nilimwambia ndivyo, na kwamba sasa yainuka tena pole pole.

“Na nani alikuwa bosi wao, wakati ule ilipokuwa nyingi?”

Nilicheka, maana sikuweza kumtajia hata mmoja. Wakati wa tani 230,000 palikuwa na mameneja na wasaidizi wao, na bila shaka wako waliokosa usingizi kwa sababu ya cheo alichopewa mwingine. Barua yangu ilipungua urefu kidogo pale Korogwe. Sisemi kwamba dhuluma ya kazini si kitu. Aliyedhulumiwa ana haki ya kusema, na kunyamaza kwake pengine ni woga tu uliovikwa joho la uvumilivu. Ninalosema ni kwamba nilikuwa nimeliweka jambo lile karibu mno na jicho, na kitu kikikaa karibu hivyo, hata kama ni kidole, chaweza kuuziba mlima.

Kutoka Mombo hata Same njia yafuata miguu ya milima, Usambara kisha Upare, na upande wa kushoto ni nyika kavu isiyo na mwisho. Reli ya zamani ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, yaonekana na kupotea. Hapo watu husinzia, nami sina la kusema juu ya hapo.

Baada ya Mwanga abiria huanza kunyoosha shingo wakiutafuta mlima. Mara nyingi haupo, umejifunika mawingu. Siku ile ulijifunua jioni, tulipokaribia Himo, na watoto wakapiga kelele kama kwamba ni wao walioutengeneza.

Juu ya mlima huu kuna kisa kimoja ambacho kila mtu mwepesi wa kutoa hukumu yampasa akijue. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri kwa miguu kuja Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, na asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona kileleni kitu cheupe. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani, naye akamjibu kwamba ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaandika hivyo. Habari ilipofika London, msomi mmoja aitwaye Cooley, ambaye alisoma mengi juu ya Afrika lakini hakufika kamwe katika nchi hizi, aliikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Watu wakabishana zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron von der Decken alipokuja mwaka 1861, akarudi tena mwaka 1862, akapanda sehemu ya mlima na kupima.

Cooley alikuwa na vitabu na ramani, akakosa miguu. Lakini tusimcheke yeye peke yake. Bwana Kheri aliijua njia ile tangu zamani, akauona weupe, akauita baridi, na hakuona haja ya kuongeza neno. Nao watu waliokaa chini ya mlima walikuwa wakiyanywa maji yake tangu mababu, wala hawakungoja mgeni awaambie uko wapi. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli: mgeni alishangaa, na kushangaa kwake kukamfanya aulize, mwenyeji alijua, na kujua kwake kukamfanya asiulize. Aendaye nyumbani mwisho wa mwaka ana bahati ya pekee, maana kwa siku kama kumi yeye ni mgeni na mwenyeji pamoja.

Tena kuna jambo jingine juu ya mlima huo huo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba 11.4 hivi. Mwaka 2011 ilipopimwa ilikutwa imebaki 1.76. Yaani katika kila sehemu 100, sehemu 85 hivi zimekwenda. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huo, nimeutazama karibu kila Desemba ya maisha yangu, na nasema kweli, hakuna mwaka hata mmoja nilioiona barafu ikipungua. Macho yangu yaliufananisha mlima wa mwaka huu na wa mwaka jana, na hiyo miwili daima hufanana. Waliojua ni wale waliokuwa na ramani ya zamani, wakaiweka kando ya mpya.

Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa maana nitalirudia nikifika jikoni kwa mama yangu.

Kwa wale wasioijua Uchagani, kihamba ni shamba la nyumbani lirithiwalo, ambamo migomba na kahawa hukua pamoja kuizunguka nyumba, mfereji wa maji ukipita, na makaburi ya wazee yakiwa humo humo. Kahawa ya vihamba hivyo, iliyouzwa kwa njia ya chama cha ushirika cha KNCU tangu mwaka 1933, ndiyo iliyowasomesha wengi waliotoka wakaenda mijini, hata tunaweza kusema kwamba kihamba kiliwalipia wanawe nauli ya kukiacha. Siku hizi katika vihamba vingi zimejengwa nyumba nzuri za matofali ambazo hufungwa makufuli karibu mwaka mzima. Desemba hufunguliwa, taa huwashwa, magari hujaa uani, mbuzi na ng'ombe huchinjwa. Sina ugomvi na furaha hiyo. Watu waliofanya kazi mwaka mzima wanastahili kula nyama na ndugu zao. Nina ugomvi na jinsi juma lile zima linavyokwisha katika kutazamana: nani amekuja na gari gani, nani ameezeka kwa bati la rangi, mtoto wa nani asoma wapi na kwa fedha kiasi gani. Watu wakasafiri zaidi ya kilomita 500 ili kuendelea na mashindano yale yale waliyoyaacha Dar es Salaam. Kisha Januari hufika, shule zafunguliwa, mifuko ni mitupu, na lawama hutupiwa mwezi.

Wakati wa mambo mengine upo, akitaka mtu. Aweza kuutembea mpaka wa kihamba kwa miguu pamoja na watoto, akiwaonyesha isale, ule mmea wenye majani marefu upandwao mpakani. Wengi wa watoto wa mjini hawajui kwamba jani la mmea huo huo ndilo ambalo Mchaga hulipeleka kwa mtu aliyemkosea anapotaka kuomba msamaha, na kwamba apelekewaye huona uzito kulikataa. Aweza kusimama makaburini akasoma miaka iliyoandikwa, akafanya hesabu ndogo ya umri wa baba yake alipofariki na umri alio nao yeye leo. Na aweza kukaa jikoni na mzee bila haraka, simu ikiwa imeachwa chumbani. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mimi mwenyewe lilinishinda miaka mingi.

Baba yetu, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa na desturi yake ya Mwaka Mpya. Baada ya Misa ya tarehe 1 Januari alitusimamisha watoto mmoja mmoja kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akaweka kipande cha ubao juu ya kichwa, akakwaruza alama kwa msumari, na kando yake akaandika mwaka. Mwaka 1994, kwa mzaha, alimwita na mama. Mama alikataa, akasema yeye si mche wa kahawa. Tulipomsihi sana akakubali. Alama hiyo ipo mpaka leo, iko juu kidogo ya alama yangu ya kidato cha kwanza.

Basi tulipofika Desemba ile, nilipoingia jikoni kusalimia, niliona kwamba vyungu na sufuria vilivyokaa siku zote juu ya rafu vimeshushwa, vimepangwa chini juu ya gunia safi. Nilimsifu mama kwa kubadilisha mpangilio wa jiko lake.

“Nilikwambia mwaka juzi, mwanangu, kwamba rafu imepanda juu,” akasema. “Ukacheka.”

Nikacheka tena, nikatoka kwenda kutazama geti jipya la chuma ambalo nilikuwa nimetuma fedha lijengwe.

Tarehe 1 Januari, tuliporudi kanisani, mtoto yule wa swali la mkonge alitaka kupimwa. Alikuwa ameongezeka vidole viwili. Kisha akaanza kusoma alama zote kama asomaye kitabu, za kwangu, za ndugu zangu, za binamu zake, akafika kwenye ile ya mwaka 1994, akauliza ni ya nani. Aliposikia ni ya bibi yake, alikwenda akamshika mkono akamleta mlangoni.

“Bibi, simama hapa. Vua kilemba.”

Mama alivua kilemba akasimama wima, visigino vyake vikigusa mwimo, kama baba alivyotufundisha. Niliweka ubao juu ya kichwa chake. Alama ya mwaka 1994 ilikuwa juu ya ubao kwa vidole vitatu.

Mtoto aliuliza kama bibi anarudi kuwa mdogo. Mama akacheka, akamwambia ndiyo, jiandaeni kunibeba.

Daktari ataniambia kwamba uti wa mgongo hubonyea kwa umri, na kwamba ni jambo la kawaida kwa wazee. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimemtazama mama kila Desemba kwa miaka 30, nikimfananisha mama wa mwaka huu na wa mwaka jana, na hao wawili siku zote walifanana. Ilihitajika alama ya msumari iliyowekwa na mtu ambaye sasa amelala kaburini hatua ishirini kutoka pale, na mtoto asiyejua kwamba kuna maswali yasiyoulizwa. Rafu haikupanda juu. Mwaka mzima, pengine miwili, mama hakufikia vyombo vyake mwenyewe, naye aliniambia kwa maneno ambayo mtu mzima yeyote angeyaelewa, nami nilikwenda kutazama geti.

Jioni ile nilifanya hesabu nyingine. Mimi hukaa nyumbani siku tisa kila mwaka. Mama alikuwa na umri wa miaka 81. Mungu akimjalia miaka kumi zaidi, jambo ambalo tunaliomba, mimi nimebakiwa na siku 90 za kuwa naye. Miezi mitatu. Barua yangu ya kazini ilikuwa imenila majuma mawili.

Niliwaita ndugu zangu tukakaa. Kwa desturi ya Uchagani kitinda mimba ndiye arithiye nyumba ya wazazi na kuwatunza, na wa kwetu ana kazi yake Mwanza na watoto walioko shule. Alisema hawezi kuacha vyote kwa mkupuo, na sisi wakubwa tulipomkumbusha desturi alituuliza kama desturi imeandikwa jina lake peke yake. Hapo maneno yakawa makali. Dada yetu mkubwa, aliyeolewa Arusha, alikuwa amenyamaza muda wote. Alipofungua kinywa alisema kwamba amekuwa akija kila mwezi kwa nauli yake mwenyewe, akifua, akipeleka mama kliniki, na kwamba kati yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza alikuja lini au alirudi saa ngapi.

Ilikuwa kweli. Tulikuwa hatujui.

Hatukumaliza usiku ule. Tulikubaliana machache: kila mmoja atakuwa na mwezi wake wa kuja, ameandika jina lake katika daftari la mama, na fedha za geti na mapambo mengine zitatumika kumlipa msichana wa jirani ambaye atalala pale nyumbani. Juu ya jambo kubwa, la nani atarudi kukaa, kitinda mimba aliomba tumpe muda aongee na mkewe, ataleta jibu Pasaka. Wengine walitaka jibu pale pale. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na sasa naona nilikosea, maana mtu aliyefumbua macho jana hana haki ya kumkaripia aliyefumbua leo.

Kulipokucha mdogo wangu alichukua nyundo akaishusha rafu, akaipigilia kwa kipimo cha mkono wa mama. Mimi nilikwenda mpakani nikakata jani la isale, nikampelekea dada yangu alipokuwa akikoka moto. Hakusema kitu kwa muda. Alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka ukutani, akaniambia nilete kuni.

Tuliondoka tarehe 4 Januari. Barua ya kazini niliiandika mwezi wa Februari. Ilikuwa na mistari minne. Njia nzima hata Same mlima ulikuwa umefunikwa mawingu. Alama mpya ya mama iko chini ya ile ya mwaka 1994, na mwaka wake kando, kwa mwandiko wa mtoto. Pasaka tutapima tena.